Picha ya Paja la Dada

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana najipamba huko mbele. Watu walidhani mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha giza lazima awe na roho ngumu, maana chumba chetu hakikuwa na dirisha, taa yake pekee ilikuwa nyekundu na hafifu, na ukishafunga mlango unabaki na matangi matatu na harufu ya dawa inayokukaa kooni mpaka jioni. Lakini giza halijawahi kunitisha. Kilichonitisha siku zote ni pale unapowasha taa ukaona.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha za eksirei katika hospitali moja hapa Songea. Mpiga picha alikuwa mwingine, msomaji wa picha alikuwa daktari, na mimi nilikuwa katikati, mtu asiyeulizwa kitu. Nilipokea kaseti, kasha bapa lenye filamu, kupitia kidirisha cha mbao, nikatoa filamu gizani, nikaibana kwenye fremu na kuitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha. Kisha maji, kisha dawa ya pili, ile inayoizuia picha isifutike. Halafu naitundika ikauke. Sikuwa na elimu ya maana zaidi ya darasa la saba na mafunzo ya miezi michache, lakini ukiangalia mifupa ya watu kwa miaka minane macho hujifunza yenyewe. Kifua chenye TB nilikijua kabla daktari hajavaa miwani. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa kusema haikuwa kazi yangu. Kusema kweli, kunyamaza kulinifaa sana.

Dada yangu alinizidi miaka kumi na mmoja. Wazazi wetu walipofariki mimi nilikuwa sijaanza shule, na yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani ya kukanyaga iliyokaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Alishona sare za shule na magauni meupe ya watoto wa kipaimara. Halafu biashara ikawa huria, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa mjini kwa malori, na watu wakaacha kushonesha. Mafundi wenzake watatu wa pale barazani walibeba vyerehani vyao wakarudi vijijini kulima. Yeye alibaki, akageukia kupunguza suruali za mitumba. Alikuwa akisema Wazungu wana viuno vipana, na kwamba Mungu amemletea riziki kupitia unene wao. Alikuwa na mdomo, dada yangu. Jumuiya ya kanisani walimwogopa na sokoni walimpenda, na mimi nilifanya yote mawili.

Maumivu yalianzia paja la kulia, karibu na Pasaka. Kwa kuwa huo ndio mguu aliouegemea zaidi kukanyagia, kila mtu alikuwa na jibu tayari: ni mguu wa cherehani. Mafundi wengi walikuwa wakilalamika hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alisema, mimi nikasema, mwenye duka akasema. Ikawa imekwisha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukulisema. Miaka mitano nyuma alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi, katika hospitali ya misheni nje ya mji. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo kama kokwa ya zambarau. Walimwambia kinyama kinapelekwa Dar es Salaam kupimwa, arudi baada ya miezi miwili kuchukua majibu. Kidonda kikafunga vizuri, mvua zikaanza, kila mtu akaenda shamba, naye hakurudi. Mimi sikumkumbusha. Kwetu kidonda kikifunga ugonjwa umekwisha, na kwenda kuulizia ni kama kuuita urudi. Majibu yale tuliyaacha hukohuko, na tuliona tumefanya busara.

Pale Msamala tulipokuwa tunaishi, mguu unaouma hukandwa. Alikuwepo bibi mmoja jirani yetu, mjane, mikono yake imara kuliko ya wanaume wengi, ambaye alikanda mtaa mzima: wanawake waliojifungua, vijana walioteguka mpirani, wazee wa migongo. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa jioni, na chupa ya mafuta ya nyonyo kwenye kanga. Hakuwa tapeli, na hakuomba malipo zaidi ya kushonewa nguo zake. Alianza na taulo la maji ya moto, akafuatia na vidole gumba, na mwisho alimalizia kwa kunyoosha: ndugu wa mgonjwa hushika kisigino na kuvuta polepole huku yeye anasukuma nyama za paja kuelekea chini. Kushika kisigino ilikuwa kazi yangu. Haipewi mtu baki.

Miezi miwili ilipita na maumivu hayakuondoka. Yalianza kumwamsha usingizini, na hili ndilo lililonitia wasiwasi, maana mguu uliochoka na kazi hupumzika mwenye nao akilala. Nikambembeleza aje apigwe picha. Alikuja Jumatano asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani kana kwamba mifupa nayo huvalia. Nilimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha mashine, nikaingia kwangu.

Mpiga picha aligonga kidirisha akaniambia, ya dada yako hiyo, isafishe vizuri. Niliisafisha kama nilivyosafisha zote. Nilipoiinua kutoka kwenye dawa ya pili na kuielekeza kwenye taa nyekundu, nililiona paja. Mfupa wa paja katika picha huwa mweupe, umenyooka, ukuta wake mnene pande zote mbili. Huu ulikuwa mweupe mpaka katikati, halafu palikuwa na doa jeusi lisilo na mpaka, weupe unafifia kidogo kidogo kama kitambaa kilicholiwa na mende. Upande wa nje ukuta ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi. Juu yake palikuwa na madoa mengine mawili, madogo.

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Sasa nieleze kosa langu, kosa ambalo mtu wa sokoni au wa shamba asingeweza kulifanya, maana linahitaji ujuzi. Tone la dawa ya kwanza likidondokea filamu kavu kabla hujaitumbukiza, huacha doa jeusi. Nilikuwa nimewahi kuharibu filamu namna hiyo nilipokuwa mgeni kazini, na nilifokewa. Basi nikiwa pale kwenye ndoo nilijiambia kwamba mikono yangu ilikuwa na maji maji, kwamba nilikuwa na haraka kwa sababu picha ni ya dada, kwamba nimeidondoshea dawa. Nikayahesabu matone: moja kubwa, mawili madogo. Kila kitu kikakaa sawa. Doa la dawa huwa na ukingo mkali, na hukaa popote kwenye filamu, kwenye nyama na pembeni pia. Haya yalikuwa hayana ukingo, na yote matatu yalikuwa ndani ya mfupa. Hilo nalo nililijua. Nilijua, na ndani ya dakika chache nikafanya bidii nisijue.

Nikamwambia mpiga picha kwamba imeharibika, dawa imedondoka. Hakukasirika sana. Alisema filamu kubwa zimebaki chache za ajali tu, na boksi jipya litafika wiki mbili zijazo, dada yako si mgonjwa wa kufa, atarudi. Filamu nikaizungushia gazeti na kuisukuma nyuma ya makatoni juu ya kabati. Kisha nikatoka nikamwambia dada picha imeungua.

Alicheka mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. Miaka minane, akasema, umesafisha picha za Songea nzima, umekuja kuunguza ya dada yako. Nilimwambia apumzishe mguu mpaka boksi lije. Akaniuliza apumzishe kwa sababu gani iwapo hakuna kilichoonekana. Nikasema ni tahadhari tu. Alinitazama kidogo, akaenda zake kazini.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Mchana nilikuwa natoroka kazini napita sokoni kuona kama anakanyaga, na alikuwa anakanyaga. Nilisikia cherehani ile tangu kwa wauza dagaa. Nilipomwona anashuka ngazi ya baraza kwa mguu wa kulia nilishika ukuta mimi. Chakula kilinishinda. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza habari za wateja. Nilihesabu kwamba boksi likifika atapigwa picha upya, picha itatoka safi au haitatoka safi, na daktari ndiye atakayesema. Sitakuwa mimi. Niliishikilia hesabu hiyo kama mtu aliyeshika kamba.

Ijumaa ya wiki ya pili bibi, aliyekuwa msibani kijijini tangu wiki iliyotangulia, alikuja kama kawaida. Jua lilikuwa bado lipo, tulikuwa uani kwenye mkeka. Nilimwamkia, akaitikia, akakunja kanga yake. Alipogusa paja, dada aliuma meno, na bibi akasema leo misuli imejifunga vibaya, itabidi tunyooshe kwelikweli.

"Labda leo tuache, bibi," nikasema.

"Ikiachwa itakauka hivyo hivyo," akasema bibi.

Dada akanigeukia. "Shika bwana. Woga wako huo hautaniponya."

Nikashika. Sitaki mtu aniambie kwamba sikuwa na la kufanya, maana nilikuwa nalo, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikashika kisigino kwa mikono miwili, bibi akasukuma, akasema vuta. Sikuvuta kwa nguvu. Nilivuta kama anavyovuta mtu mwoga, nusu kuvuta, nusu kuachia. Na ulivunjika hata hivyo. Niliusikia kwanza kwenye mikono, halafu masikioni, mlio mfupi mkavu, kama kipande cha makopa, muhogo mkavu, unapokivunja ili kitwangwe. Kisha unyayo ukalala wenyewe upande wa nje, kama kitu kisicho na mwenyewe.

Dada hakupiga kelele. Alinitazama mimi, si bibi, mimi, kwa mshangao mkubwa kama mtu aliyesukumwa na mwenzake kwenye foleni. Kelele zilikuja baadaye, tulipombeba kwenye mlango wa choo tuliouong'oa kumfanyia machela.

Safari hii filamu za ajali zilipatikana. Niliisafisha mwenyewe, sikumruhusu mtu. Nilikausha mikono kwenye koti mpaka ngozi ikawasha. Doa lilikuwa palepale, na mfupa umekatika katikati yake.

Daktari wetu alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyepata majarida ya udaktari kutoka nje yakiwa yamechelewa karibu mwaka mzima, naye akayasoma kama magazeti ya jana. Aliweka picha kwenye sanduku la taa, akaniuliza kuhusu titi kabla sijamwambia lolote. Nilipomweleza uvimbe wa miaka mitano nyuma alifumba macho kidogo. Akatuma mtu kwa baiskeli mpaka misheni. Majibu yalikuwepo. Yalikuwa yamekaa kwenye faili lake muda wote huo, karatasi imegeuka rangi ya chai, yanasema saratani.

Nilimuuliza kama saratani ina meno, maana niliona mfupa umetafunwa. Akaniketisha akanieleza bila haraka. Alisema mfupa si jiwe. Kila siku kuna mafundi ndani yake wanaobomoa sehemu iliyochakaa, na mafundi wengine wanaofuata nyuma wakijenga mpya, na mtu mzima anakaa sawa kwa sababu makundi haya yanakwenda pamoja. Saratani ikishafika kwenye mfupa haiutafuni yenyewe. Inawatumia ujumbe wabomoaji, inawaambia ongezeni kasi. Wanabomoa usiku na mchana, wajenzi wanaachwa mbali. Na mfupa unapobomolewa hutoa vitu vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na vitu hivyo ndivyo chakula kinachoinenepesha saratani, nayo ikinenepa inawaita wabomoaji zaidi. Duara hilo halina mwisho, alisema, mpaka mtu alikate mahali.

Jambo hili lilinitisha kuliko meno. Kama ingekuwa mdudu ningeweza kumchukia. Lakini ni watu wa nyumbani kwake mwenyewe, waliokuwa wakimfanyia kazi tangu tumboni mwa mama yetu, wamegeuzwa.

Akaongeza, akiwa anaangalia picha na si mimi, kwamba wenzetu wa Ulaya sasa wana dawa ya dripu ya kuwatuliza wabomoaji wale, lakini huku haijafika. Na kwamba mfupa wa namna hii ukigundulika mapema haukandwi wala hauvutwi. Hutiwa chuma ndani kabla haujavunjika, na mtu akaendelea kutembea. Halafu akauliza kama kulikuwa na picha ya kabla ya hii.

Nikasema ilikuwepo, iliungua.

Jumapili nikaenda kwa bibi, maana watu walisema amejifungia ndani, hali chakula. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, mikono ameificha chini ya kanga. Nikamweleza kwamba mfupa ulikuwa umeshaliwa, kwamba ungevunjika hata kwa kupiga chafya, si kosa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyesema tuache," akasema. "Ulijua nini?"

Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda moja kwa moja wodini. Dada alikuwa amelala chali, mguu umefungwa kamba, na mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda kuuvuta. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, upande ambao hakuweza kuniona uso vizuri, nikamwambia kila kitu: picha, madoa, gazeti, makatoni. Nilimwambia nilijua na niliogopa. Nililia, sioni aibu kuliandika. Nilipomaliza akasema, "Nipe maji." Nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaanza kulalamika kuhusu uji wa wodini usio na sukari. Nikaona amenisamehe. Moyo ulitua kabisa, na usiku huo nikalala kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

Kule misheni walimtia chuma ndani ya mfupa, kirefu kutoka nyonga hadi karibu na goti. Daktari alitueleza kwamba Dar es Salaam kuna mashine ya mionzi, lakini barabara ile kwa mfupa ule asingefika hata Makambako. Kilichobaki kilikuwa kidonge. Alisema saratani nyingine za titi huishi kwa kutegemea homoni za kike. Zina kama kiti mahali homoni inapokuja kukaa. Kidonge hiki huwahi kukaa kwenye kiti hicho, homoni ikija inakuta pamejaa. Hakipigi mwili mzima kama sumu, kinakwenda pale tu penye kiti. Kama saratani ya dada haina kiti, kidonge hakitafanya lolote. Na kipimo cha kujua hakikuwepo. "Tunajaribu," alisema, na niliona hata yeye hakulipenda neno hilo.

Kwenye bohari ya hospitali kidonge hakikuwepo. Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuota Songea kama uyoga, na nilizunguka yote, jina la dawa nimeliandika kwenye kiganja. Wengine walisema njoo kesho, na kesho wakasema njoo kesho. Mmoja alinipa vidonge vya uzazi wa mpango akaapa kwamba ni kitu kilekile. Mwingine alinionyesha chupa isiyo na karatasi. Nilianza kuota vidonge vya chaki. Mtu pekee aliyeniambia ukweli alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Tunduru, aliyefunga biashara ya korosho akafungua duka la dawa.

"Sina, ndugu yangu, na sitakudanganya," alisema. "Lakini mwanangu yuko Dar. Akikipata, inshallah, kitakuja na basi la Ijumaa."

Kilikuja Ijumaa ya tatu. Pakiti ilikuwa imetoka India, maandishi madogo, vidonge vyeupe visivyo na alama. Nilikinusa. Nilikilamba. Nilimpelekea daktari akakitazama akasema kwa macho hawezi kujua, na maabara ya kukipima hatuna. Tutajua kwa mfupa, alisema. Baada ya miezi minne tutapiga picha. Dada alimeza kidonge chake kila asubuhi na chai. Mimi nilimkodolea macho anapomeza mpaka akaniambia nikitaka nimeze mimi.

Hiyo miezi minne nilihesabu siku moja moja. Alikuwa ameanza kutembea kwa magongo, amebadilisha cherehani yake na ya mkono, anashonea nyumbani. Akikohoa nilishtuka. Akichelewa chooni niligonga mlango. Siku ya picha nilishindwa kubana filamu kwenye fremu, ikabidi mpiga picha aingie kunisaidia. Tuliitazama pamoja. Kandokando ya chuma, pale palipokuwa na giza, palikuwa na ukungu mweupe. Ukingo ulikuwa umeanza kurudi. Wajenzi walikuwa wamerudi kazini. Nilitoka mbio nikiwa na filamu inayochuruzika maji, nikapita foleni nzima, nikamwambia dada. Alisema vizuri, basi twende, suruali za watu zinanisubiri.

Tulipata mwaka mmoja na nusu. Alitupa gongo moja, kisha la pili akalibakiza la kwenda kanisani. Alinenepa usoni. Alirudi sokoni akagombana na kila mtu. Siku nyingine hata mimi nilisahau kuogopa, hasa asubuhi.

Halafu mgongo ukaanza. Hakusema, lakini nilimwona anavyojishikilia kwenye meza kabla ya kuinuka, na niligundua kwamba amerudi kulala ameketi. Safari hii sikungoja. Siku hiyohiyo niliomba kadi, nikamwomba mpiga picha atupe nafasi ya kwanza, na filamu zilikuwepo, boksi zima. Nilitaka nifanye sawasawa. Nilijua nitakachokifanya: nitaisafisha, nitatoka, nitamwambia palepale, kwa maneno yangu, hata iwe mbaya namna gani. Nilikuwa nimejifunza. Niliona hata fahari kidogo.

Alikuja nami mpaka hospitali. Tulikaa kwenye benchi mbele ya mlango wa chumba cha mashine. Mpiga picha alipochungulia na kumwita, dada hakuinuka. Nilimpa mkono. Hakuushika.

"Sitaki," akasema.

Nilimwambia ni dakika mbili, halafu tutajua. Nikamwambia kwamba daktari anaweza kubadilisha dawa, kwamba kuna kidonge kingine kinachotafutwa, kwamba safari hii sitaficha kitu, naapa. Nilisema mengi. Alinisubiri nimalize kama alivyonisubiri wodini.

"Hii sina haja nayo, mlongo wangu," akasema, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya nyumbani, mlongo, yaani ndugu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. Sauti yake haikuwa na ukali. "Picha niliyoitaka ni ile ya kwanza."

Mpiga picha alikuwa bado ameshika mlango. Nilimwashiria aite mwingine. Dada akaniomba sasa mkono, nikampa, akainuka kwa shida, tukatoka. Kutoka hospitali mpaka Msamala si mbali kwa mtu mzima wa afya, lakini hakutaka tutafute gari, alisema anataka kupita sokoni kuona kama mwenye duka amefagia baraza. Tulikwenda polepole. Aliegemea mkono wangu kwa uzito wake wote, na njia nzima, kila alipokanyaga, nilisikiliza.